Chini Kidogo

"Chini kidogo," mkewe alisema, akairudisha simu mezani kando ya ungo wa mchele.

Fundi cherehani alifumbua macho, akaichungulia. Ule mshale mwembamba wa kupimia sauti ulikuwa umeshalala upande wa kushoto, kama unavyolala kila mara sauti inapokwisha.

"Chini tena?"

"Unywele tu. Kunywa maji kwanza."

Kwaya nzima ilikuwa ikimsubiri yeye. Si kwamba aliimba sana kuliko wenzake. Kazi yake ilikuwa kutoa ile sauti ya kwanza, peke yake, nzito na ndefu, halafu wengine wote wanaipandia. Yeye akishuka, wote wanashuka naye. Na siku moja, akiwa na mafua, alishuka.

Mwalimu wa kwaya alitoa simu mfukoni, akampima mbele za watu, akamwambia bila ubaya wowote: "Mzee wangu, kajipime nyumbani. Siku mshale utakapotulia katikati, rudi. Lakini Jumamosi ya mashindano ikifika bado hujapata, nitamweka mwingine."

Mafua yalipona kwa tangawizi na ndimu, kazi ya mkono wa mkewe. Sauti, kwa mujibu wa simu, haikupona.

Programu yenyewe ya kupimia iliwekwa kwenye simu na binti yao. "Baba, wewe imba tu," alimwelekeza. "Mshale ukienda kushoto, uko chini. Ukienda kulia, uko juu. Ukisimama katikati, hapo ndipo penyewe."

Shida ni kwamba fundi hakujua kuimba macho wazi. Tangu ujana wake, akitaka kutoa sauti lazima afumbe, na akifumbua inakatika kama uzi mbovu. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kumtazamia mshale, na aliyekuwepo nyumbani ni mkewe.

Ndipo jikoni kukawa na kiti cha pili. Kabla ya hapo kilikuwa cha kuwekea ndoo.

Miaka yote ya ndoa yao, fundi akifunga duka alipitiliza kwenye kwaya. Akirudi alikuta chakula kimefunikwa kwa sahani na mwenye kukipika keshalala. Sasa alifika jua lingali dirishani. Anaimba, anapimwa, anaambiwa. Kisha wakiwa wanangoja koo lipumzike, wanazungumza.

Alimsimulia ya mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, akakaa miezi bila kuifuata, akaja kuichukua kanenepa, akaenda kumshitaki fundi kwa viongozi wa mtaa kwamba amemwibia kitambaa. Mkewe alicheka mpaka ungo ukampindukia mapajani. Kisa chenyewe kilikuwa cha zamani, mtaa mzima ulikuwa umekichoka. Yeye ndiyo kwanza anakisikia.

Jioni moja jirani aligonga ukuta. Fundi akavaa kandambili, akatoka kwenda kuomba radhi.

"Radhi ya nini?" jirani akamwuliza. "Nilikuwa nafuatisha. Endelea, mzee."

Fundi aliporudi na habari hiyo, mkewe alikuwa anamenya kitunguu. "Jirani naye," alisema. "Yule hata honi ya lori anaifuatisha."

Binti alipokuja kuwasalimu, alimkuta baba yake katikati ya sauti. Alisimama mlangoni na mkoba begani mpaka ilipokwisha.

"Mama, mbona hapo kapata?"

"Wewe una masikio, mwanangu. Simu ina hesabu. Hebu nikorogee hiyo sufuria, isishike chini."

Binti akakoroga. Fundi akaimba tena. Chini kidogo.

Jumamosi ilifika. Basi la kwaya lilikuwa liondoke alasiri. Fundi alipiga pasi shati lake mwenyewe, kola mara mbili, akaingia jikoni na begi mkononi, viatu vimeng'aa. Hakukaa.

"Mara ya mwisho hii," alisema. "Nisipopata, nampigia mwalimu aweke mwingine. Siwezi kuwatumbukiza wenzangu shimoni kwa ajili ya ubishi wangu."

Mkewe aliinamia ungo. Alikuwa akichambua mchele, na mchele wenyewe ulikuwa umeshachambuka.

"Mwingine huyo yupo?"

"Yupo. Anaweza. Ila nimeisimamia sauti ile tangu nywele zangu nyeusi, mama watoto. Sijui mtu akiachishwa kitu kama hicho anakwenda kukaa wapi."

"Watu hukaa majumbani mwao."

Fundi alicheka kidogo, kwa adabu. "Au nimezeeka?"

"Labda."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona mshale tu. Imba."

Aliweka begi sakafuni, akanyoosha mgongo, akafumba macho. Sauti ilitoka pana, imetulia, haina papara. Ikajaza jiko mpaka vifuniko vya sufuria vikatetemeka kwenye rafu, na upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ikazimwa.

Mkewe aliishika simu kwa mikono miwili. Mshale ulikuwa umesimama wima katikati, kama msumari uliopigiliwa, kama ulivyosimama jana, na juzi, na kila jioni tangu mafua yapone.

Alingoja sauti iishe na mshale ulale.

"Chini kidogo," alisema.