Muulize Aliyekuwepo

Mama mtu hakubisha hodi. Aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu akimkokota binti yake kwa mkono, na kabla hajakaa akamnyooshea kidole mwalimu wa darasa la tano.

“Ndiye huyu! Anamfundisha mwanangu kuniona mwongo!”

Mwalimu mkuu alimkata jicho mwalimu. Kazi ya mwalimu huyu ilikuwa bado ya majaribio. Kibarua kingeota nyasi kabla ya jioni.

Kosa lenyewe? Aliwaambia watoto wasiamini habari ya mdomo mmoja. Kila mtoto achague tukio la nyumbani kwao, aulize watu watatu. Binti huyu akachagua kifo cha baba yake. Mama, bibi na mjomba wakamjibu neno kwa neno: lori lilipinduka, hakuteseka, akazikwa mbali. Mwalimu naye, mdomo uliponza kichwa, akasema mbele ya darasa zima: watatu wakijibu sawasawa hivyo, ujue wamefundishwa na mmoja. Tafuta mwingine, aliyekuwepo.

“Sasa mtoto anapiga simu mpaka karakana alikokuwa akifanya kazi marehemu!” mama alifoka. “Anafukua makaburi! Wewe una mtoto wewe?”

“Sina, mama.”

“Nilijua tu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu leo leo anafukuzwa, au namhamisha mwanangu na wenzake wote watamfuata!”

Mwalimu alijichukia. Pengine marehemu aliendesha akiwa amelewa chakari, akaua na wengine, na jamaa wakamfichia mtoto kwa huruma. Yeye ni nani hata atie kidole kwenye kidonda cha watu?

“Omba radhi,” mwalimu mkuu aliamuru. “Sasa hivi.”

Mwalimu akachutama mbele ya binti. “Nimekosea, mwanangu. Neno la mama yako linatosha. Usiulize mtu mwingine tena, umesikia?”

Mama akasonya, akachukua mkoba wake. “Haya, twende!”

Binti hakusogea. “Lakini mwalimu, nimeshamuuliza wa nne.”

“Nani?” Mama alimgeukia upesi.

“Baba. Yuko hapo getini, anasema yeye hakumbuki kufa.”