Mpara Samaki wa Mgiriki

"Mrudishe," alisema bibie, akiisukuma sahani ya samaki kwa ncha ya kidole. "Bado ana magamba."

Mhudumu aliinama akachungulia. Hakuona gamba hata moja. Lakini wateja wa aina hii alishawazoea, basi akambeba samaki kwa mara ya pili, akampeleka kule mbele.

Hicho ndicho bibie alichokitaka. Alikuwa ameketi kwa makusudi kwenye meza inayotazamana na kaunta, amejipamba hasa, mahali ambapo watu wazima walikula kwa vidole juu ya meza zilizotandikwa karatasi. Mkahawa gani huu! Nusu soko, nusu hoteli. Unaingia, unakuta samaki wamelazwa juu ya barafu, unamnyooshea kidole umtakaye, anapimwa, anaparwa mbele ya macho yako, kisha anakwenda kwenye makaa. Mgiriki mwenyewe alizunguka na aproni iliyolowa, akitaniana na kila mtu, akimimina mafuta ya zeituni bila kupima. Na watu walipanga foleni kwa upuuzi huo!

Lakini bibie hakufuata samaki. Alimfuata mpara samaki.

Wenzake walimwita Magamba. Mwanamke mnene, buti za mpira, kitambaa kichwani, na magamba yamemrukia hadi kwenye nyusi. Mikono mitupu, haina pete wala bangili, imevimba kwa baridi ya barafu. Bibie alimpima kutoka utosini hadi unyayoni, akabetua midomo. Akaitandaza mikono yake mwenyewe mezani ili pete yake ionekane vizuri. Khaa! Hiki ndicho kinachomtoa mwanamume mzima akili?

Maana mwanamume wake alikuwa ameanza kupotea. Mtu wa bima, mtu wa tai na marashi, lakini Jumapili haonekani kabisa. Siku nyingine alipigiwa simu katikati ya chakula, akainuka, akavaa viatu. "Kazi," alisema. Kazi gani ya bima inayomwachia mtu harufu ya samaki kwenye kola? Na kola hizo nani alizipiga pasi? Yeye. Akiugua, supu nani alimpikia? Yeye. Akionewa na bosi wake, aliyesikiliza manung'uniko mpaka usingizi ukamwisha ni yeye. Alipombana juzi ndipo akakiri kwamba kuna mwanamke kule kwa Mgiriki, anapara samaki, na hataki kumwachia.

"Nivumilie," akasema. "Yule ni mtu wa vurugu. Nitaachana naye polepole."

Polepole! Bibie alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwa na polepole nyingine ya kumpa mtu. Akimkosa huyu, ataanza upya na nani? Leo ama yule mwanamke amwachie, ama patachimbika.

Samaki akarudi. Safari hii aliyemleta ni Magamba mwenyewe, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Samahani, dada. Nionyeshe kasoro iko wapi, nikuondolee."

"Kasoro ni wewe," alisema bibie, kwa sauti ya kusikika meza ya tatu. "Huoni haya? Unanuka hivyo, halafu unamng'ang'ania mwanamume asiyekutaka! Huko kwenu hakuna kioo?"

Vichwa vya meza za jirani viligeuka. Mzee mmoja alibaki na kipande cha pweza nusu ndani, nusu nje ya mdomo.

Magamba alivuta kiti cha plastiki, akaketi na buti zake hivyo hivyo. "Yupi huyo? Yule wa bima?"

"Kumbe wajua!"

"Mwenye kovu kidevuni? Anayelala na soksi?"

Zile soksi zilimchoma bibie. Alidhani duniani anazijua yeye peke yake. Akamwazia huyu mwanamke na buti zake kando ya kitanda.

"Mwachie," alisema. Alitaka kukaripia, lakini sauti ilimtoka ikitetemeka, akajichukia kwa hilo. "Nimempa miaka yangu minne. Ameniahidi. Una nini wewe cha kumpa? Nakuambia mwachie, kabla sijakuumbua hapa mbele ya wateja wenu."

Magamba hakukasirika. Alimkagua macho, akashuka mashavuni, akaishia shingoni, kama anavyomkagua samaki aliyelala barafuni siku nyingi. Kisha akageukia jikoni, akapaza sauti:

"Jamani, njooni mwone, kaja mwingine! Huyu wa tatu mwaka huu. Mpeni maji, na msimcheke. Naye kaahidiwa ndoa na mume wangu."