Zamu ya Mdogo

Siku hizi mwaka mbaya ukiisha, watu huenda zahanati kung'olewa kumbukumbu zake, kama jino bovu. Sisi tulikwenda mwezi uliopita. Kilichotupata sikijui tena, wala sijutii: nalala vizuri, na mume wangu Mwandoe ameanza kuimba tenzi akikamua ng'ombe.

Nyumbani kwetu sala ya chakula huanzwa na mdogo kuliko wote, kisha huomba anayemfuata kwa umri, kama alivyotuzoesha mama mkwe. Jana niliepua ugali, tukafumba macho, tukamngoja binti yetu Mkamburi.

"Anza, mama," baba yake akamwambia kwa upole. "Wewe ndiye mdogo."

"Najua, baba. Lakini zamu yangu bado."

Hatukumkemea. Tulikaa vile vile, macho tumefumba, ugali ukifuka mvuke, kwa muda ambao mtoto anayeanza kusema angehitaji kumaliza sala yake. Kisha sote watatu, bila kuambizana, tukaitikia amina.

Ndipo Mkamburi akaanza kuomba.