Ross Anarudi Majini

Glenys aliuficha ufunguo wa kabati la bunduki ndani ya kopo la unga, akafunika, kisha akaenda mjini kumnunulia mumewe nguo ya kuogelea.

Wala hakuwa amepagawa. Aliogopa. Tangu goti la Ross liharibike na daktari amkataze kukimbia, mwanamume yule alishinda kwenye kochi, kriketi inaonyeshwa kwenye televisheni na yeye haitazami. Zamani kila Jumamosi alikimbia kando ya mto na wenzake, si wa kwanza, si wa mwisho, kisha wanakaa kunywa kahawa na kutaniana mpaka jua liwafukuze. Sasa viatu vyake vya mbio vilikuwa barazani, buibui wameshahamia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Glenys aliujua mshindo wenyewe. Baba yake alinyamaza hivyo hivyo mwaka wa ukame, ng'ombe walipokwisha. Glenys, msichana wakati huo, ndiye aliyetumwa kumwita aje kula, akamkuta bandani na bunduki yake. Hakutaka kuufungua mlango wa namna ile mara ya pili.

“Daktari kasema kuogelea hakuumizi goti,” alimwambia Ross. “Na wewe si ulikulia pwani?”

“Niliacha zamani, Glen. Niache bwana.”

“Uliacha kwa nini?”

Ross alitazama mikono yake. “Bahari ilimchukua mtu wa kwetu. Mtu mwenye mke. Tangu siku hiyo sijaingia majini.”

Glenys akaona huruma, asichokonoe zaidi. Ndiyo maana, aliwaza, miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumpeleka baharini. Krismasi majirani hufungasha mahema na kushuka pwani, mji wote wa Dubbo, huku bara, unabaki na nzi, na wao wawili nyumbani wanachoma kuku. Jonzi linamla mtu taratibu, akajisemea. Lakini bwawa la kuogelea la mjini si bahari, na yeye hakuolewa ili awe mjane.

Alimburuta. Siku ya kwanza Ross alisimama ngazini, maji yamemfika magotini, mpaka Trev, kiongozi wa klabu ya waogeleaji wakongwe, akapaza sauti kutoka ng'ambo.

“Mzee! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga! Au unangoja yapoe kama chai?”

Wazee wote wakacheka. Ross akajitupa.

Kuogelea kwake kukawafumba midomo. Hakurusha maji wala hakuhangaika, alipita tu. Alipofika mwisho akageuka, akarudi, akaenda tena. Trev alimsogelea Glenys na tumbo lake kubwa na ndala zake zilizokatika. “Shemeji, samaki huyu ulikuwa umetufichia wapi siku zote?”

Jioni ile Ross alikula sahani mbili na kulalamika kwamba nyama haina chumvi. Glenys alitoka nje kama anayekwenda kutupa taka, akalia kwa furaha.

Yakaja mashindano ya wakongwe. Trev alimtaka Ross kwa mita hamsini, urefu wa bwawa mara moja tu.

“Klabu zipi zinakuja?” Ross aliuliza.

“Za huku huku bara. Nani atoke pwani aje kujikaanga na sisi?”

“Hapana. Mtafute mwingine.”

Kukataa kule kulimrudisha kwenye kochi. Televisheni ikawashwa tena, kimya kikarudi. Glenys akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza akamsimulia habari za baba yake, zote, hata zile ambazo hakuwahi kumwambia kasisi. “Nikikukuta hivyo, Ross, mimi nitakufa na wewe.”

Ross alimshika mkono muda mrefu. Alimpenda, hilo hakuna awezaye kulikana.

“Basi nitaogelea,” alisema. “Kwa ajili yako.”

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na harufu ya soseji na vitunguu ilijaa bwawa zima. Watunza saa hawakutosha. Bahati nzuri basi la wanawake wa klabu ya Kiama, kule pwani, lilifika bila kutarajiwa. Trev aliwapokea kama ndugu, akawagawia saa za kupimia muda, akawasimamisha mwisho wa bwawa, kila mmoja juu ya njia yake. Ross alikuwa upande wa pili, miwani ya maji usoni, anasubiri kipenga.

Kipenga kililia. Glenys alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ross aligusa ukuta kabla ya wenzake wote, akavua miwani, akainua uso anacheka ili aulize muda wake.

Kicheko kikakatika. Glenys alidhani ni pumzi, akakimbia na taulo.

“Dada, mume wangu kapata ngapi?”

Mtunza saa wa njia ile, mwanamke wa makamo, alikuwa hajaisimamisha saa. “Mumeo?” aliuliza.

“Wangu kabisa!”

“Wangu mimi aliacha nguo zake mchangani, akaingia baharini.” Macho yake hayakubanduka majini. “Tulimfanyia ibada bila maiti.” Kisha akainama, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kumwita huyo huyo mezani: “Keith?”

Ross alikuwa ameshageuka. Alizamisha uso, akaanza kuogelea kurudi alikotoka.