Kucha za Mkono wa Kulia

Mlangoni mwa wodi ya wazazi, Mwalimu Mshangama alikuwa akiwakagua mikono wanafunzi wa ukunga kabla ya mtihani wa vitendo. Alipofika kwa Namsifu aliigeuza mikono yake. Kucha za kushoto zilikuwa fupi, lakini za kulia zilikuwa ndefu, zimechongwa vizuri.

"Bado unapiga gitaa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kesho naingia studio kurekodi wimbo wangu wa kwanza."

"Nakuombea heri, binti yangu. Ila yule mama mle ndani hana habari na wimbo, na mwanawe anakuja na ngozi laini."

Akampa kikata kucha.

Ndani, mama alipiga ukelele. Namsifu alikata ukucha mmoja mmoja. Ulipobaki wa kidole gumba, ule unaopiga nyuzi za besi, alisita kidogo, kisha akaukata.

Hakuzitupa. Alizifunga kwenye kipande cha shashi, akazitia mfukoni, akanawa hadi viwikoni.

"Jikaze, mama, nipo," alisema, akimnyooshea mkono wa kulia.

Mama akaung'ang'ania, na kucha zake ndefu, nyekundu kwa hina, zikazama kiganjani mwa Namsifu. Namsifu hakuutoa mkono.