Jiko la Fundi Chilumba

Tangu itoke ile sheria, fundi wa gesi hana pa kujificha. Bomba alilofunga likivuja nyumba yoyote ile, simu yake humtajia nyumba hiyo, na jiko la kwake mwenyewe huzimika mbele ya mkewe na wageni wake, mpaka aende akazibe.

Jiko la fundi Chilumba halikuwahi kuzimika. Mtwara nzima ilimsifu. Ni mkewe Somoe tu aliyejua kuwa nyuma ya ukuta kuna mtungi wa siri, unaoshika zamu gesi ya bomba inapokatwa.

Siku wageni walipokuja kumposa binti yao Zamda, pilau ilikuwa bado motoni, na jiko lilionekana wazi toka sebuleni.

“Sisi hatukuangalia sura,” alisema mshenga. “Tumeangalia jiko. Nyumba hii ina uaminifu.”

Chilumba akainamisha uso. Simu ilikuwa imetoka kumtetemekea mfukoni, naye akaichungulia: bomba linavuja nyumba ya Bi Nambwalu, anayeishi na wajukuu. Moto wa jiko ukanywea, kisha ukasimama tena. Mtungi umeshika. Akiinuka sasa, ataulizwa anakwenda wapi.

“Karibuni mnawe mikono,” alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia haya.

Somoe alikuwa ameuona moto ulivyonywea. Alimtazama mumewe, akangoja. Mumewe hakuinuka. Basi akaenda akalizima jiko kwa mkono wake, akarudi na upawa, akasimama mbele ya wageni.

“Baba Zamda,” alisema, kila mtu akamsikia, “jiko limezimika.”