Mtungi wa Jioni

Atupele alifunga madirisha kwa hasira. Ndiyo sheria: moshi wa gari hukusanywa mtungini mchana kutwa, na jioni hufunguliwa sebuleni kwa mwenye gari, auvute mwenyewe. Madirisha hayafunguki tena mpaka mtungi uishe.

"Baba Lusajo, tangu utoe yale masega ya kusafisha moshi kwenye bomba la gari, tunakula ugali kwa moshi!"

"Gari lilikuwa zito mlimani," Ambokile akajitetea. "Sasa linapanda kama mshale."

"Mshale! Masega ndiyo yaliyokuwa yanaua sumu. Zamani mtungi ulitutolea joto na unyevu tu."

"Basi, mke wangu, yaishe. Leo nimefunga kichujio cha harufu. Nusa."

Akafungulia mtungi. Atupele akanusa, akanusa tena. Hakusikia harufu yoyote, na ilimuuma kukubali kwamba mume wake safari hii kapatia. Kichwa tu ndicho kilichokuwa kikimgonga, naye akadhani ni hizo hasira.

"Lusajo, kula baba, ugali unapoa."

Mtoto hakujibu. Alikuwa ameinamia meza, mashavu mekundu, tonge bado mkononi.

Mtungi ulikuwa haujaisha hata nusu.